Plasta za estrojeni nilizoletewa na binti yangu: nianze kubandika?

Swali: Daktari, nina miaka 52, nakaa Tanga. Sijaona hedhi kwa miezi 14 sasa. Usiku naamka shuka limelowa jasho, mchana joto linanipanda usoni hata nikiwa chini ya feni, na usingizi umenihama. Binti yangu anafanya kazi Uingereza, ameniletea maboksi manne ya plasta za homoni. Yameandikwa estradioli, mikrogramu 50 kwa saa 24. Kizazi changu ninacho, ila niliwahi kuambiwa kina uvimbe mdogo. Natumia dawa ya presha, na dada yangu wa tumbo moja aliwahi kuganda damu mguuni baada ya kujifungua. Daktari mmoja aliniambia homoni zinaleta saratani, nisithubutu. Je, nianze? Nipime nini kwanza? Nitajuaje kama dozi inanitosha au imezidi? Na Ramadhani nitafunga nayo? — Mama Z.

Jibu: Mama Z., usibandike bado. Sisemi hivyo kwa sababu plasta ni mbaya. Kwa mwanamke wa hali yako, mwenye presha na mwenye dada aliyewahi kuganda damu, plasta ndiyo njia ya estrojeni ambayo hata mimi ningekuchagulia. Tatizo ni kwamba kama maboksi hayo ni ya estradioli peke yake, yaani homoni ya estrojeni tu, umeletewa nusu ya matibabu. Nusu ya pili haimo, na hiyo ndiyo inayokinga kizazi chako.

Estrojeni hunenepesha utando wa ndani wa kizazi. Ulipokuwa ukipata hedhi, homoni nyingine ya ovari iitwayo projesteroni iliutuliza utando huo kila mwezi, kisha ukabomoka ukatoka. Sasa ovari zako hazitoi tena projesteroni. Ukijiwekea estrojeni peke yake, utando unakua bila wa kuuzuia. Katika utafiti mmoja wa Marekani ambao matokeo yake kuhusu kizazi yalichapishwa mwaka 1996, wanawake walipewa vidonge vya estrojeni bila projesteroni kwa miaka 3. Zaidi ya nusu yao walikutwa na utando ulionenepa kupita kawaida, na baadhi ya unene huo ni wa aina inayoweza kuishia kwenye saratani ya kizazi. Waliopewa vidonge visivyo na dawa hawakufika 3 katika 100. Watu hunibishia hapa: “Lakini daktari, hii ni ya ngozi tu.” Inapita kwenye ngozi, lakini inaingia kwenye damu, na damu inafika kizazini. Kama haifiki huko, basi haifiki pia kwenye ubongo kuzima hilo joto, na hakuna haja ya kuibandika.

Kwa hiyo kwanza tuyasome maboksi. Angalia kama neno estradioli liko peke yake au limeambatana na jina jingine. Zipo plasta zenye dawa zote mbili. Evorel Conti, kwa mfano, ina estradioli pamoja na norethisteroni, na anayetumia hiyo hahitaji kidonge cha kuongezea. Pia hakikisha hujaletewa plasta ya uzazi wa mpango kama Evra. Kwa macho zinafanana sana, lakini ile ina estrojeni ya kutengenezwa yenye nguvu nyingi zaidi, na mwanamke wa miaka 52 mwenye presha haimfai kabisa. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Na muulize binti kwa upole dawa ziliandikwa kwa jina la nani. Kama ni za rafiki yake zilizobaki, hakuna daktari aliyewahi kukuangalia wewe kabla ya kuzitoa.

Kuhusu hiyo nusu ya pili, ninayoipenda zaidi ni projesteroni asilia ya kapsuli, miligramu 100 kila usiku wakati wa kulala, bila kuruka siku. Inaleta usingizi, na kwa mtu anayelalamika kama wewe hiyo ni faida. Usinywe asubuhi ukaenda kazini, utasinzia. Baadhi ya kapsuli hizi zimetengenezwa kwa mafuta ya karanga au zina soya, kwa hiyo mwenye mzio aseme mapema. Isipopatikana, daktari anaweza kutumia medroksiprojesteroni ya vidonge, au norethisteroni ambayo wengi mnaifahamu kwa jina la Primolut. Hizi nazo zinakinga kizazi, ila dozi yake haikisiwi dukani. Njia ya tatu ni kitanzi chenye homoni cha miligramu 52, kama Mirena, ambacho kwa kazi hii ya kulinda utando hukaa miaka 5. Mwanamke ambaye bado anaona hedhi, hata kama imevurugika, hupangiwa projesteroni ya siku 12 hadi 14 kila mwezi na hutoka damu kwa mpangilio. Wewe umeshapita mwaka mzima bila hedhi, kwa hiyo unatumia kila siku, na lengo ni usitoke damu kabisa. Aliyeondolewa kizazi chote ndiye kwa kawaida anayeweza kubandika estrojeni peke yake.

Sasa dada yako na mguu wake. Kidonge cha estrojeni kikimezwa hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na ini likipata estrojeni nyingi kwa mkupuo huongeza protini za kugandisha damu. Plasta na jeli hazipiti njia hiyo. Watafiti wa Ufaransa walilionyesha hili tangu mwaka 2003: waliomeza vidonge walikuwa na hatari kubwa zaidi ya damu kuganda, waliotumia ya ngozi hawakuonekana kuwa na hatari iliyoongezeka. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 ulifika palepale. Hata kiharusi, plasta za mikrogramu 50 au chini ya hapo hazijaonekana kukiongeza, ila kuzidi 50 kuna dalili ya kuongezeka. Ndiyo maana sipendi mtu mwenye presha akimbilie plasta ya 100 kwa sababu tu jirani yake anatumia hiyo. Dada yako aliganda damu baada ya kujifungua, kipindi ambacho hatari hupanda kwa mwanamke yeyote. Mtajie daktari wako jambo hilo, ila peke yake halikuzuii plasta. Ingekuwa ni wewe mwenyewe uliyeganda, au ndugu watatu wamepata bila sababu inayoeleweka, ningetaka mtaalamu wa damu aseme kwanza. Wenye selimundu nao waende kwa tahadhari hiyohiyo.

Yule daktari aliyekutisha kuhusu saratani hakutunga. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, wenye wanawake zaidi ya 16,000, ulisimamishwa kabla ya muda wake. Waliokuwa wakimeza estrojeni pamoja na medroksiprojesteroni walipata saratani ya matiti zaidi ya wenzao: kwa kila wanawake 10,000, wagonjwa 8 zaidi kwa mwaka. Habari hiyo ilisambaa dunia nzima na madaktari wengi wakaacha kabisa kuandika homoni. Kilichosahaulika ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, wengi walikuwa wameacha hedhi zamani, na dawa zote zilikuwa za kumeza. Kwa wenzao wasio na kizazi waliopewa estrojeni peke yake, saratani ya matiti haikuongezeka.

Sitakudanganya kwamba hatari haipo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulikadiria hivi: wanawake 50 wakianza wakiwa na miaka 50 na kutumia estrojeni na projesteroni ya kila siku kwa miaka 5, mmoja zaidi atapata saratani ya matiti kabla ya kufika 70, juu ya wale ambao wangeipata hata bila dawa. Kwa estrojeni peke yake ni mmoja katika 200. Plasta haiondoi hatari hii ya titi kama inavyoondoa ile ya kuganda damu, na hapa ndipo watangazaji wa mtandaoni wanapoteleza. Kuna dalili kutoka Ufaransa kwamba projesteroni asilia ni nafuu kwa titi kuliko zile za kutengenezwa, hasa miaka ya mwanzo. Huo ulikuwa utafiti wa kufuatilia watu bila kuwagawa kwa kura, kwa hiyo naupa uzito wa wastani. Kwa mwenye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na joto linamnyima usingizi kama wewe, mizani kwa kawaida huelemea upande wa kutumia. Mifupa nayo inafaidika. Kama jasho lako lingekuwa la mara moja kwa wiki na halikusumbui, ningekwambia kaa bila dawa.

Kuna watu ambao mlango huu wamefungiwa, angalau mpaka daktari bingwa aseme vingine: aliyewahi kuugua saratani ya matiti au ya utando wa kizazi, anayetoka damu ukeni bila sababu kujulikana, mwenye ugonjwa mkali wa ini, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo karibuni, na mwenye damu iliyoganda sasa hivi. Presha iliyodhibitiwa haimo kwenye orodha hiyo. Kisukari hakimo, VVU haimo. Uvimbe mdogo wa kizazi haumo pia, ingawa estrojeni inaweza kuufanya usisinyae kama ulivyotarajiwa, au ukue kidogo.

Kabla ya kuanza, nenda na maboksi yako kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Hapo Tanga unaweza kuanzia hospitali ya Bombo. Atapima presha na uzito. Presha ikiwa inacheza 160 kwa 100, irekebishwe kwanza. Akuchunguze matiti kwa mkono, na kama mamogramu (picha ya matiti) inapatikana ukaimudu, ifanye sasa ili kuwe na picha ya kulinganishia baadaye. Kwa kuwa una uvimbe, utrasaundi ya kizazi inafaa: tujue ukubwa wake na unene wa utando. Kama umetoka damu hata tone moja ndani ya miezi hii 14, sema kabla hujaulizwa. Hiyo huchunguzwa kwanza, ikibidi kwa kuchukua kinyama cha utando, na homoni zinasubiri.

Usisahau kwamba jasho la usiku si la kukoma hedhi tu. Kwetu huku, mtu anayelowanisha shuka huku anakonda, ana kikohozi au homa za jioni, namtafutia kifua kikuu na kumshauri apime VVU kabla ya kumwambia ni umri. Moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka, napima tezi ya shingo. Nimetaja haya kwa sababu plasta inaweza kukupa matumaini ya wiki kadhaa huku ugonjwa mwenyewe ukiendelea.

Ambacho huhitaji ni kifurushi cha “vipimo vya homoni” kinachouzwa maabara za mjini kwa bei ya kukaushia mfuko. Mwenye miaka 52 asiyeona hedhi miezi 14 amekoma hedhi. Karatasi haitaongeza kitu. Vipimo hivyo vina maana kwa aliye chini ya miaka 45, na zaidi sana chini ya 40, au anapotakiwa kutafutwa ugonjwa mwingine.

Ukishapata projesteroni na daktari ameridhika, matumizi ni mepesi. Plasta nyingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki, nyingine mara moja, soma boksi. Kama ni mara mbili, chagua Jumatatu na Alhamisi, siku za funga ya sunna, hutazisahau. Bandika chini ya kiuno: tako, paja la juu, au tumbo la chini. Kamwe usibandike kwenye titi au karibu yake. Ngozi iwe safi, kavu, isiyopakwa mafuta wala losheni. Kwa wanawake wa Pwani hili ndilo linaloangusha plasta kuliko jasho: tumezoea kujipaka mafuta ya nazi mara tu baada ya kuoga. Paka mwili wote ukipenda, ila mahali pa plasta pabaki pakavu. Ikandamize kwa kiganja kama sekunde 10, na kila mara hamisha upande. Kuoga hakuidhuru. Ikibanduka na kugoma kurudi, weka mpya, lakini siku ya kubadilisha ibaki ileile. Usiiwekee chupa ya maji ya moto juu yake, joto hufanya dawa iingie kwa kasi. Iliyotumika bado ina dawa ndani: ikunje gundi kwa gundi, itupe mahali watoto hawafiki.

Joto la Tanga lina neno pia kwenye kuhifadhi. Pakiti nyingi za plasta zimeandikwa zisikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25, nasi Februari tunapita 30 kwa urahisi. Friji siyo suluhisho. Weka chumba chenye ubaridi kuliko vyote, kabatini, mbali na dirisha na jiko, na usilimbikize za mwaka mzima.

Dozi ya 50 ni ya kuanzia inayokubalika, ingawa wengine huanza na 25, na kwa mwenye presha sioni ubaya kuanza chini. Joto huanza kupungua ndani ya wiki 2 hadi 4, lakini hukumu ya haki ni baada ya miezi 3. Usipandishe kabla ya hapo. Nitakujibu swali la “nitajuaje” hivi: mwili wako ndio kipimo. Joto na jasho likiendelea kukuamsha baada ya miezi 3, na plasta inashika vizuri, dozi ni ndogo. Matiti yakijaa na kuuma, kichefuchefu, kichwa kuuma kila mara, huenda imezidi, ishushwe. Damu haipimwi homoni kila mara, maana kiwango kinapanda na kushuka kutegemea siku ya plasta. Tunapima tu pale dozi imeshapanda na nafuu haionekani, kutaka kujua kama dawa inaingia kweli. Na dozi ya estrojeni ikipandishwa hadi 100, projesteroni nayo hupandishwa.

Rudi kwa daktari baada ya miezi 3, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Presha nyumbani au kituoni ipime mara kwa mara miezi ya mwanzo. Kwa kuwa tayari unatumia dawa ya presha, hilo umelizoea. Kitu cha kukiandika kwenye daftari ni damu. Matone ya hapa na pale ndani ya miezi 3 hadi 6 ya kwanza ni ya kawaida na kwa wengi yanakoma yenyewe. Yakiendelea kupita miezi 6, au yakianza upya baada ya kuwa yamekoma, au ikatoka damu nyingi wakati wowote, utrasaundi ifanyike. Kwa anayetumia projesteroni kila siku, utando uliozidi milimita 4 hatuuachi bila kuuchunguza zaidi. Hapa ndipo wanawake wanapojipoteza: akiona damu anaacha projesteroni kwa kudhani ndiyo inayomchafua, anabaki na plasta. Amefanya kinyume kabisa. Ukilazimika kuacha moja kabla ya kumwona daktari, acha plasta.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla, kifua kikibana, mdomo ukipinda au upande wa mwili ukalegea, bandua plasta na uende hospitali saa hiyohiyo. Uvimbe mpya kwenye titi usisubiri miadi ya mwaka.

Kwa wasomaji wengine: dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, rifampisini ya kifua kikuu, na efavirenzi ya VVU huharakisha kuvunjwa kwa homoni mwilini, na hatari ni kwamba kinga ya kizazi inapungua kimyakimya. Dolutegravi haina tabia hiyo. Mtajie daktari kila unachomeza, pamoja na mitishamba ya “kusafisha kizazi”. Na yule ambaye ukavu wa uke na maumivu ya tendo la ndoa ndiyo shida yake pekee, hahitaji plasta. Estrojeni ya krimu au kidonge cha kuweka ukeni, kwa dozi ndogo, inatosha na haidai projesteroni.

Muda wa kutumia haujapangwa kwa kalenda. Kila mwaka mnakaa na daktari kuuliza kama bado kuna haja. Ukitaka kuacha, shuka kutoka 50 hadi 25 kwa miezi michache, ukiangalia kama joto linarudi. Kwa sababu hiyohiyo, usianze kabla hujajua utazipata wapi baada ya maboksi manne kwisha. Uingereza kwenyewe mwaka 2022 jeli na plasta hizi ziliadimika, na kukatika kwa ghafla kunarudisha jasho lote. Uliza famasia kubwa za Dar es Salaam kama wanaweza kuagiza zilizosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, plasta au jeli, maana daktari wako anaweza kukuhamishia kwenye jeli bila shida. Ila jeli iache ikauke kabla ya kuvaa, na mjukuu asiguse mahali ulipopaka.

Ramadhani: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliweka plasta za dawa na vitu vinavyopenya kupitia ngozi kwenye orodha ya visivyofunguza. Kapsuli ya projesteroni unainywa usiku ukienda kulala, baada ya Tarawehe, kwa hiyo haigusi saumu. Kama shehe wako ana kauli nyingine, badilisha plasta baada ya kufuturu.